Mstari wa Komfri

Jumatatu, 1 Machi 1954

Memsahib amenipa madaftari mawili. Moja ni la komfri: niandike mti gani umepandiwa, siku gani, na majani yamefika wapi. La pili amesema ni langu mwenyewe, niandike nipendavyo, kwani mtu mwenye mwandiko kama wangu asiuache ukapata kutu. Mwandiko wangu ni wa misheni, na sioni haya kusema kwamba katika shamba hili, kutoka barabara ya Ngong mpaka mtoni, hakuna wa kunifikia.

Basi nianze vizuri. Mimi ni Joash Ogutu, msimamizi wa miti ya matunda. Miti ni arobaini na minane, kila mmoja na namba yake ya bati. Mke wangu ni Peres, binti yetu ni Caren, na tunakaa kwenye laini ya wafanyakazi nyuma ya ghala. Mimi ni Msabato. Tangu jua la Ijumaa lizame mpaka la Jumamosi lizame, sishiki jembe wala kalamu. Mwenzangu Kinyanjui ni Mkikuyu wa Dagoretti na kanisa lake ni la Jumapili. Kwa hiyo zamu ya Jumamosi ni yake na ya Jumapili ni yangu. Miaka tisa tumekwenda hivyo na hatujagombana ila kwa maneno.

Komfri imekuja leo ndani ya sanduku la maranda: vipande vya mizizi tu, vyeusi, vifupi kama vidole. Memsahib alisoma kitabu chake na mimi nikawatafsiria wenzangu. Mmea huu hupandwa kuzunguka shina la mti. Mizizi yake hushuka chini kuliko ya mti wenyewe, huvuta chakula kilichojificha huko, na majani yakikatwa na kulazwa shinani huoza, mti ukala. Halafu akasema kwamba huko kwao wazee waliuita kiunga mifupa. Mzizi ukikunwa na kupakwa mguu uliovunjika hukauka ukawa mgumu kama plasta ya hospitali. Nyakio, mke wa Kinyanjui, ambaye hufua nguo za nyumba kubwa, alikuwa amesimama na kikapu chake akisikiliza.

Kinyanjui akauliza, "Sasa hii ni mboga ama ni daktari?"

Watu wakacheka. Nikawanyamazisha nikawapa kanuni moja: komfri haikatwi mzizi kwa jembe. Kipande kidogo kama ukucha kikibaki ardhini kinaota. Ukikikata vitatu, umepanda mitatu.

"Hiyo ni kama deni ya Mhindi," akasema Kinyanjui. Mtu huyu hawezi kupita neno bila kulitia mzaha.

Alhamisi, 4 Machi

Tumemaliza miti thelathini. Mizizi sita kila mti, kwa duara, hatua moja kutoka shinani. Ardhi ni kavu kama ukoko.

Jumanne, 9 Machi

Hakuna mvua. Kiragu alikuja na homgadi wake wanne, wale askari wa vijijini wa serikali, kukagua pasi za Wakikuyu wote wa shambani. Kiragu alikuwa na shamba la viazi ng'ambo ya mto kabla ya Hali ya Hatari, na alikuwa mtu wa kusalimiana naye tu. Sasa ana bunduki na koti refu. Aliwapanga mstari mbele ya ghala, Kinyanjui na Nyakio wakiwamo, akawachuchumalisha. Mimi alinipita bila kuniangalia, maana Mjaluo hatakiwi pasi hiyo. Nakiri kwamba nilifurahi.

Jumatano, 17 Machi

Hakuna mvua.

Jumapili, 21 Machi

Mvua ya kwanza! Nilikuwa peke yangu, zamu yangu, nikaiacha iniloweshe kuanzia mti wa 1 mpaka wa 48. Harufu ya vumbi lililolowa ingetosha kuwa chakula cha mchana.

Jumatatu, 5 Aprili

Komfri imetoka yote. Majani yana manyoya, na Kinyanjui anayaita masikio ya punda. Memsahib alipiga makofi kama mtoto.

Kiragu alikuja tena. Sasa anakuja kila wiki.

Ijumaa, 23 Aprili

Naandika haraka, jua linashuka.

Kesho kuna makreti ishirini ya maparachichi ya kwenda soko la mjini. Kwa kawaida hupelekwa Alhamisi, lakini lori lilikuwa bovu. Saa tisa Kinyanjui alinifuata kwenye mti wa 12.

"Joash, kesho nishikie. Jumamosi moja tu."

"Kesho ni Sabato."

"Najua ni Sabato. Miaka tisa najua. Lakini pasi yangu haijagongwa muhuri ya mwezi hii, na watu wanasema huko mjini kuna kitu inapikwa."

"Kwa nini hukwenda kugongewa?"

"Nimeenda mara mbili. Kiragu anasema wino imeisha."

Nikamwambia ukweli, kwamba amri ya Mungu haina Jumamosi moja tu. Nikamsomea na kifungu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye suruali, akasema, "Sawa, mchungaji." Akaenda kupakia. Hakutia mzaha wowote zaidi ya huo.

Jumapili, 25 Aprili

Jana sikuandika.

Hezekiah, dereva wetu, Mragoli, alirudi jana jioni na lori tupu, peke yake. Makreti aliyaacha sokoni yakakanyagwa. Anasema walipofika mjini asubuhi, askari wazungu walikuwa wamekwisha kuzingira kila mtaa, na waya wa miba umefungwa barabarani. Hakuna aliyeingia wala kutoka. Watu walitolewa madukani, jikoni, maofisini, wakachuchumalishwa barabarani mikono kichwani. Wakatengwa kwa kabila. Hezekiah alionyesha karatasi yake akasukumwa upande wa kwenda nyumbani. Kinyanjui alipitishwa mbele ya mtu aliyevikwa gunia, macho tu ndiyo yanayoonekana. Mtu huyo akitikisa kichwa, unakwenda lori hili, asipotikisa, lile.

"Alitikisa?" nikamuuliza.

"Sikuona. Niliona Kinyanjui tu anapanda. Hata kofia hakuachiwa."

Nyakio alikuwa amekaa chini kando ya bomba la maji, sabuni imekauka mikononi. Nilisema pole. Aliniangalia akasema, "Asante, Baba Caren," kwa adabu kabisa, na adabu hiyo ilinichoma kuliko tusi.

Nimefanya zamu ya Jumapili. Miti yote arobaini na minane imekua, na komfri imefunika mashina. Ningekwenda mimi na lori, ningeonyesha karatasi yangu nikasukumwa upande wa nyumbani. Ningekula chakula cha jioni. Nimeliandika hili ili nisije kujidanganya baadaye.

Jumanne, 27 Aprili

Kiragu alituita mbele ya ghala saa mbili asubuhi. Anasema wafungwa walikuwa wakipelekwa kambini Lang'ata, na watu watatu waliruka lorini kule msituni. Wawili wamepatikana. Wa tatu ni Kinyanjui.

"Atakayempa hata kikombe cha maji," akasema, "ataenda yeye, mke wake na watoto wake. Mjaluo pia. Mimi sibagui."

Safari hii aliniangalia.

Bwana, mume wa Memsahib, alisimama barazani na kiko chake. Nilimwendea nikamwambia Kinyanjui ni mtu mwema, miaka tisa. Bwana akajibu kwa Kiswahili chake, "Joash, mimi hapana saidia. Hii maneno ya serikali." Kisha akaniuliza kama machenza ya mti wa 20 yameiva.

Alhamisi, 29 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Fuko ameingia kwenye safu ya chini. Komfri ya mti wa 46 imefukuliwa upande mmoja na mzizi umepotea.

Jumanne, 4 Mei

Fuko amekula mti wa 46 wote na sasa yuko wa 47. Nimetega mtego wa kamba na kijiti, kama tulivyotega nyumbani nikiwa mdogo. Nimemwambia Memsahib kwamba kabla ya wiki kwisha nitamletea mkia wake.

Ijumaa, 7 Mei

Mtego haujaguswa. Mti wa 48 umefukuliwa.

Jumapili, 9 Mei

Hakuna fuko. Nilipiga magoti leo nikachimbua kwa vidole, nikaona mahali mzizi ulipokatikia. Umekatwa kwa kisu, safi, mshazari. Fuko gani huyo mwenye kisu?

Nilikuwa bado nimepiga magoti Nyakio alipotokea upande wa mtoni na kikapu cha nguo kichwani. Jumapili hafui. Aliponiona alisimama, na mkono wake ukashika ukingo wa kikapu.

"Nyakio," nikamwambia, "hizo nguo ni za nani?"

"Za Memsahib."

"Memsahib yuko kanisani na nguo zake zimeanikwa tangu Ijumaa. Nimeziona."

Akashusha kikapu. Akasema polepole, "Baba Caren, ukitaka kupiga kelele, piga sasa. Mimi nimechoka."

Sikupiga. Ningependa kuandika kwamba ni kwa ushujaa, lakini ilikuwa hofu tu.

Chini ya safu ya mwisho ya miti kuna uwanda wa nyasi wa kama hatua mia mbili, halafu machimbo ya mawe yaliyoachwa tangu vita vya Wajerumani. Huko kuna pango walilokuwa wakiwekea vyombo, mlango umefunikwa na vichaka vya mikwata. Nyakio alinipeleka, na Kinyanjui alikuwa amelala ndani juu ya magunia yetu ya matunda. Mguu wa kulia umevunjika chini ya goti tangu aliporuka lorini. Nyakio alikuwa amempaka mzizi uliokunwa, tabaka juu ya tabaka, juu ya vijiti vya mwanzi, na ulikuwa umekauka rangi ya kinyesi cha ng'ombe, mgumu ukiugonga.

Nilidhani atanitukana. Akaniangalia, ndevu zimemjaa, akasema, "Mchungaji. Sabato ilikuwa njema?"

Nikalia. Sikulia hata baba alipokufa.

"Nyamaza wewe, utaleta homgadi," akasema. "Huyu mama alisikia dawa kutoka mdomo yako mwenyewe. Sasa wewe ndiye daktari. Wiki ngapi?"

"Kitabu cha Memsahib hakikusema."

"Basi sisi tunasema nane."

Nyakio akaniambia tatizo ni kitambaa. Dawa bila kitambaa cha kuifunga hupasuka akigeuka. Magunia ni mazito, na nguo za Memsahib zinahesabiwa.

Jumatano, 12 Mei

Nimempa Nyakio shati langu jeupe la kanisani. Alilichana vipande hapo hapo mbele yangu.

Alhamisi, 13 Mei

Peres ameuliza shati liko wapi. Nimesema limeibwa kwenye kamba ya kuanikia. Akaendelea kuchagua maharagwe. Peres si mjinga, na kwa mara ya kwanza naona kunyamaza kwake ni mali.

Jumapili, 16 Mei

Nimepeleka uji na viazi. Kinyanjui anasema mguu unawasha, na Nyakio anasema kuwasha ni kupona. Kwenye daftari la Memsahib nimeandika kwamba fuko anaendelea. Ni uongo wangu wa kwanza katika mwandiko ule.

Jumamosi tatu zimepita nimekaa kanisani nikiimba, na kila wimbo unanikwama.

Jumatatu, 24 Mei

Mvua. Mvua. Mvua. Kiragu amekuja mara mbili wiki hii. Anatembea kati ya miti akiangalia chini. Nakumbuka alikuwa mkulima.

Ijumaa, 28 Mei

Bwana Yesu.

Leo asubuhi mvua ilikatika na jua likapiga ule uwanda wa nyasi chini ya mti wa 48. Nikaona majani yenye manyoya. Moja hapa, hatua tatu jingine, hatua mbili jingine. Nikadhani macho yananichezea. Nikarudi juu, nikatazama tena kutoka kwenye mti. Ni mstari. Unaanzia kwenye miti ya chini unakwenda moja kwa moja mpaka kwenye mikwata ya machimbo, kama mtu aliyechora kwa rula.

Nilimwuliza Nyakio bombani, kwa sauti ya chini. Alifikiri, halafu akaziba mdomo. Ili asikae pangoni muda mrefu, alikuwa akimenya mizizi njiani huku anatembea. Maganda aliyaacha yaanguke, na vichwa vya mizizi pia. Mwezi mzima, njia ile ile.

"Ni kumenya tu," akasema. "Ni kama kumenya viazi. Nani anajua ganda inaota?"

Mimi najua. Niliwatangazia watu wote tarehe moja Machi.

Jumapili, 30 Mei

Kesho Kiragu anakuja. Leo nilikuwa peke yangu na nilikuwa na hofu, na hofu haikumbuki kanuni. Nilichukua jembe nikashuka kwenye ule mstari nikakata kila mche, nikapiga mpaka chini, kama mtu anayeua nyoka. Nikafukia. Nikakanyaga. Nilipomaliza, uwanda ulikuwa mweusi na safi, nikaketi chini ya mti wa 48 nikijipongeza.

Ilikuwa baada ya kunawa miguu ndipo nilipofikiri ni kitu gani nimefanya. Kila mche nimeukata vipande vinne, vitano. Vyote viko ardhini, na mvua inanyesha.

Jumatatu, 31 Mei

Kiragu alipita juu tu. Hakushuka.

Jumanne, 8 Juni

Uwanda ni safi. Pengine Mungu ananihurumia.

Jumatatu, 14 Juni

Hakunihurumia. Zimetoka zote.

Na leo amri imekuja kwamba Wakikuyu wote wa mashambani wahamie kwenye kijiji kipya cha Dagoretti, kile chenye handaki na miti iliyochongwa ncha. Nyakio amepewa saa moja kufunga mzigo. Aliponipita na godoro kichwani hakugeuza shingo. Alisema tu, kama mtu anayejisemea, "Mguu bado siku tano, Baba Caren." Sasa ni mimi peke yangu.

Alhamisi, 17 Juni

Siwezi kung'oa. Nimejaribu kwa vidole, mmea mmoja, robo saa, na bado mzizi ulikatikia chini. Ile mimea iliyokuwa kama arobaini sasa sijui ni mingapi. Haijawa mstari tena, ni ukanda, upana wa mtu aliyenyoosha mikono, wa kijani uliokolea. Hata Caren ameniuliza, "Baba, ile njia ya majani inaenda wapi?"

Ijumaa, 18 Juni

Jua linashuka. Nina dakika chache.

Saa kumi Bwana alikuja kutembea bustanini na mbwa wake. Alifika mti wa 48 akasimama. Akatoa kiko mdomoni.

"Joash. Nani napanda hii?"

"Mimi, Bwana."

"Kwa nini? Hapana miti huko."

Nikasema ni kitalu. Nikasema mizizi ya kugawa kwa mabwana wa jirani, kwamba Memsahib alitaka. Bwana akatingisha kichwa juu na chini akiufuata ukanda kwa macho mpaka kwenye mikwata, na hapo macho yake yakakaa.

"Mzuri," akasema. "Kesho saa sita Kiragu nakuja. Wewe naonyesha yeye hii kitalu. Mpaka mwisho."

Sijui kama anajua. Bwana ana uso wa mlango uliofungwa.

Kesho ni Sabato.

Jumamosi, 19 Juni

Ni Sabato na ninaandika. Niko ndani ya ghala, mlango umefungwa kwa nje, na kuna mwanga wa kutosha kupitia ufa wa mbao. Peres alinipitishia daftari kwenye ufa huo huo pamoja na kipande cha mkate. Homgadi aliyeachwa mlangoni alitazama pembeni. Niandike yote kwa utaratibu.

Alfajiri nilishuka machimboni. Nilimwambia Kinyanjui, "Saa sita wanakuja."

"Mguu iko sawa," akasema. "Sawa ya kuchechemea. Nikifuata mto kwenda juu nafika kwa watu wa mama yangu. Lakini kwa hii mguu nataka siku nzima, Joash. Ama nusu yake."

"Nitaitafuta."

Akatazama suruali yangu ya kazi na jembe langu. "Leo si ni Sabato?"

"Nyamaza utembee."

Nikamwacha anagonga ule ugumu wa dawa kwa jiwe, auvunje, atoe mguu. Nikapanda mbio mpaka kwenye miti.

Wazo nililipata nikiwa macho kitandani. Mstari huwezi kuufuta, lakini unaweza kuupoteza. Ukiwa mmoja ni njia. Ukiwa kumi ni shamba. Nikaanza kung'oa komfri kwenye maduara ya miti ya chini, na majani yake na udongo wake, nikaipanda uwandani safu kwa safu, kushoto na kulia ya ule ukanda. Nilifanya kazi kama wazimu. Jua lilichomoza likanikuta kwenye safu ya tatu. Peres alitokea amevaa nguo ya kanisani, Caren mkononi, akasimama kama aliyeona maiti inatembea.

"Baba Caren! Leo? Jembe?"

"Nenda na mtoto kanisani. Wakiuliza, sema Joash Ogutu amevunja Sabato. Usiseme mgonjwa."

Hakuenda. Alimwacha mtoto juu ya mzizi wa mti, akakunja kanga kiunoni, akaanza kunipokelea mimea. Hakuuliza ni ya nini. Mpaka saa tano tulikuwa na safu kumi na moja. Nilipanda juu kwenye mti wa 48 nikatazama, na ulikuwa uwanda mzima wa masikio ya punda. Ukanda ulikuwa umepotea. Nilicheka kwa sauti.

Halafu jua likawaka.

Kwa miaka yote hii nimehamisha miche jioni, au siku ya mawingu, na kila mtu niliyemfundisha nimemwambia hivyo. Saa sita Kiragu alipofika na homgadi sita, kila komfri tuliyoipanda asubuhi ilikuwa imelala chini, majani yamenyong'onyea kama matambara. Zote. Isipokuwa ile iliyoota yenyewe. Hiyo ilisimama wima, imara, kutoka kwenye mti wa 48 mpaka kwenye machimbo, na sasa ilionekana kuliko jana.

Kiragu alitundika bunduki begani. Alichuchumaa, akashika mche uliolala, ukatoka. Akashika uliosimama, akauvuta, haukutoka. Akafikicha udongo kidoleni. Nilikuwa sahihi, ni mkulima. Kisha akatembea akiufuata mstari, taratibu, mpaka kwenye mikwata, na sisi nyuma yake.

Pango lilikuwa tupu. Magunia yalikuwepo. Na katikati yake, vipande viwili vya dawa ngumu, vimekaa kama ganda la mguu wa mtu. Ndani vilikuwa na vinyweleo vya mguu wake, na vilikuwa vimefungwa kwa kitambaa cheupe. Kiragu akachambua kitambaa kwa kisu. Kwenye ukosi kulikuwa na uzi mwekundu. Peres hushona jina kwenye nguo zetu zote, kwa sababu kambani huchanganyika.

Kiragu si msomaji mwepesi. Alisoma herufi moja moja. Nilikuwa na muda wa kufikiri mambo mengi.

"Ogutu," akasema.

"Ni langu."

"Yuko wapi?"

Homgadi mmoja alikuwa amekwisha kuelekea mtoni, na mwingine alisema walete mbwa wa Bwana. Unyayo ulikuwa bado mbichi pale kwenye tope. Saa saba haijafika. Tangu alfajiri Kinyanjui alikuwa amepata nusu siku tu, na kwa mguu ule hawezi kuwa mbali.

Nikasema, "Afande Kiragu, nitaeleza yote. Lakini nitaeleza mara moja tu, na mbele ya Bwana, na iandikwe. Ukimtuma mtu mmoja mtoni, sifungui mdomo, na wewe hutajua ni nani wengine."

Neno hilo la wengine lilimshika. Hakuna wengine, lakini yeye hakujua. Akawaita watu wake warudi, tukapanda mpaka barazani. Bwana akaketi. Kiragu akatoa kalamu, na kwa kuwa mkono wake ni mzito, aliandika neno kwa neno akinisimamisha.

Watu husema mimi ni mtu wa maneno mengi. Kinyanjui amenicheka kwa hilo miaka tisa. Basi nikaanza tarehe moja Machi. Nilianza na sanduku la maranda, idadi ya vipande, rangi yake, na yale Memsahib aliyosoma. Niliitaja miti yote arobaini na minane kwa namba, na siku kila mmoja ulipopandiwa. Nilieleza habari ya fuko, na jinsi ya kutega kamba na kijiti. Kiragu akigonga meza nasema, "Bila hii hutaelewa, afande," na Bwana, ambaye anapenda mambo ya bustani, mara mbili aliniuliza swali. Mawingu yalipanda kutoka Ngong. Nilipofika mwisho wa Machi nikawaeleza mvua ya kwanza, ilianza saa ngapi na ilikoma saa ngapi, na wakati huo huo mvua ya kweli ikaanza kupiga bati la baraza, kubwa, ya kuosha kila unyayo mtoni. Sikuacha. Nilifika Aprili saa kumi na moja kasoro.

Hapo Kiragu akafunga karatasi zake akanipiga kofi. Alikuwa ameelewa.

Nimesikia lori la polisi litanichukua kesho asubuhi. Kuhusu Peres nimesema hakujua kitu, alipanda tu alichoamriwa na mumewe, na Bwana akasema, "Hiyo mwanamke hapana jua." Alilisema bila kuniangalia. Kesho Hezekiah atawapeleka yeye na Caren stesheni, treni ya Kisumu. Daftari hili ataondoka nalo chini ya unga.

Naogopa. Mwandiko wangu leo ni wa aibu. Nimemvunjia Mungu siku yake kutoka alfajiri mpaka sasa, na nimetafuta ndani ya moyo wangu majuto nisiyaone, na hilo nalo linaniogopesha.

Mvua inaendelea. Hakuna mbwa aliyebweka mtoni.

Aliniomba Jumamosi moja tu. Nimempa hii.